Uongo Wangu wa Pasifiki

Umeme ukikatika Mwisenge, mtaa mzima huguna kwa pamoja. Fundi wa kuchomelea mageti anatukana, mama wa juisi anafunga mlango wa friji kwa kamba ili baridi isitoroke, vijana wanatazama chaji kwenye simu zao kama wanaosoma majibu ya hospitali. Anayepiga makofi ni mimi peke yangu. Mke wangu Nyangeta alishazoea. Taa zikizimika tu husema, "Haya, harusi ya baba Bwire imeanza," halafu anaendelea kupepeta mchele wake kibarazani.

Nyinyi vijana mnaonijia na redio za marehemu babu zenu mkiuliza mtu anaanzaje kusikiliza masafa mafupi, somo la kwanza ndilo hilo. Adui wa masafa mafupi si umbali. Sauti inaweza kutoka ng'ambo ya dunia, ikapita juu ya bahari na majangwa, ikafika Musoma salama, halafu ikauawa mlangoni na chaja ya jirani. Taa za kisasa, ving'amuzi, mashine ya kuchomelea, kila kimoja kinakoroma kwa namna yake, na redio yako inavisikia vyote. Umeme ukikatika, anga linakuwa kama sahani iliyooshwa. Kimbilia redio kwanza, tochi baadaye.

Naitwa Magesa, baba yake Bwire. Nimekuwa fundi redio miaka thelathini na ushee, kibanda changu kilikuwa hapa hapa Mwisenge. Nilistaafu siku niliyogundua kwamba kwa mwezi mzima nimeletewa redio moja tu, na mwenyewe alitaka nimchomolee spika akaifunge kwenye bodaboda yake. Shule nilifika kidato cha nne. Fizikia nilipata D, na mwalimu akanipa mkono wa pongezi maana alitegemea mabaya zaidi. Halafu mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walikwenda Mwanza, Arusha, Dar. Mimi nilikwenda Bunda, nikarudi, nikaona inatosha. Kwenye ukoo wananiita Kobe, na wala sijawahi kukata rufaa. Redio niliipenda kwa sababu hiyo hiyo: dunia inakufuata kitini kwako na huvai hata viatu.

Basi, ukitaka kuanza usinunue redio ya gharama. Tafuta yoyote yenye masafa mafupi, ile sehemu ya mshale iliyoandikwa mita 49, 31, 25, 19. Asubuhi na mapema, na jioni jua likienda ziwani, tembea kwenye 49 na 31. Mchana wa jua kali hamia 19. Na nikisema tembea, namaanisha tembea. Vijana mnazungusha kitufe kama mnafungua kizibo. Taratibu! Nywele moja kushoto, nywele moja kulia. Stesheni ya mbali inajificha kwenye upana wa kucha.

Kisha waya. Ile antena ya kuvuta ni kwa ajili ya mapambo na kukunia mgongo. Tafuta waya wa mita kumi au kumi na tano, upeleke nje, juu, mbali na nyaya za umeme, na hapo sina utani, mbali kabisa. Usiufunge moja kwa moja kwenye mti au bomba. Kata shingo ya chupa ya plastiki ya soda, funga waya upande huu na kamba upande ule, ili mawimbi yasiishie kwenye mti. Mvua ya ziwani ikianza kunguruma, chomoa waya uutupe nje. Mimi siku moja nilijisemea ngoja nimalizie habari hii ya mwisho. Radi ilipiga mnazi wa jirani, na redio ya mjomba wake Nyangeta, niliyokuwa nimeletewa kutengeneza mshale tu, ikatoa moshi wenye harufu ya samaki. Mjomba aliuliza kwa upole, "Magesa, nilikuletea ikiwa inaongea, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nilitaka uhakika tu." Hajanisamehe mpaka leo, na ninyi ndio mnaopata faida.

Na mweleze mama wa nyumbani kwako kwamba waya ule si kamba ya nguo. Sina la kuongeza.

Nimerukia mbali. Nataka kuwaeleza habari ya Mzee Masatu, maana yote ninayojua kuhusu kusikiliza alinifundisha yeye, na mimi nilimlipa kwa uongo mmoja ambao ulikaribia kumnyang'anya redio yake.

Mzee Masatu alikuwa mtu wa Nyamuswa, mstaafu aliyeshughulika na nyaya za simu tangu zama za simu za kuzungusha mkono. Alipanda nguzo mpaka magoti yakagoma. Alikuwaga anasema alishawahi kushika waya Bunda akamsikia mtu akikohoa Tarime, na ukiyaona masikio yake yalivyo makubwa, huwezi kubisha. Alikuja kibandani kwangu na redio yake kubwa ya kabati la mbao, uzi wa mshale umekatika. Nikaufunga uzi, nikamkabidhi. Kesho yake akarudi, kapanda basi kutoka Nyamuswa kwa kazi hiyo tu.

"Kijana, mshale wako unarudi nyuma."

"Unarudije nyuma, mzee?"

"Nazungusha kulia, unakwenda kushoto. Umenitengenezea redio au kaa?"

Niliuzungusha uzi kinyume. Nilipokuwa naurudia, jasho linanitoka, akanitazama akauliza, "Wee Magesa, miaka yote hii unatengeneza redio, umewahi kuisikiliza hata moja?"

Nikamwambia nasikilizaga matangazo ya vifo, mpira na taarifa ya habari. Akatikisa kichwa kama daktari. Hakuondoka siku ile mpaka jioni. Alikaa kwenye stuli yangu ya wateja, akatembeza mshale nywele kwa nywele, na kabla jua halijazama alikuwa amenisikilizisha watu wa nchi saba wakizungumza lugha ambazo sikujua kama zipo. Nami ambaye sikuwa nimefika hata Kisorya nikaona nimepata usafiri.

Kuna mchezo ndani ya mchezo huu. Ukisikia kituo cha mbali, unakiandikia barua: nimewasikia siku fulani, saa fulani, mita fulani, mlisema hivi, mkapiga wimbo huu, na sauti ilikuwa ya namna hii. Wakiona umesema kweli wanakutumia kadi ya uthibitisho, yenye picha ya milima yao au ndege wao, imeandikwa kwamba wewe, Magesa wa Musoma, umetusikia. Mzee Masatu alikuwa nazo sanduku zima.

Barua yangu ya kwanza niliandika kama tulivyokuwa tukiandika kadi za salamu kwa stesheni za nyumbani. Nikamsalimia mtangazaji, nikasalimia fundi mitambo, nikaomba salamu zimfikie mama mkwe wangu Butiama na wote wanaonifahamu, ujumbe, "Mvumilivu hula mbivu." Saa niliyowasikia nikaandika saa moja asubuhi, kama Mungu na Waswahili walivyopanga. Wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba wanashukuru kwa salamu, ila saa moja, kwa saa za kimataifa, wao walikuwa wamelala na mitambo imezimwa.

Mzee Masatu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanifundisha hesabu ambayo nawapa bure: saa yetu ya mchana, ongeza tatu, unapata saa ya kimataifa. Saa moja asubuhi ni saa nne yao. Saa kumi na mbili jioni ni kumi na tano yao. Hata mwenye D ya fizikia anaweza.

Kosa langu la pili lilikuwa zito zaidi. Ubora wa sauti unaandikwa kwa tarakimu tano, kila moja kuanzia moja mpaka tano: nguvu ya sauti, mwingiliano, kelele, kufifia, na hali ya jumla. Tano ni safi kabisa, moja ni balaa. Mimi nilikuwa nawapa wote tano tano tano tano tano. Mzee akaliona daftari langu.

"Hawa uliwasikia vipi?"

"Walikuwa wanakwaruza kidogo, mzee."

"Kidogo?"

"Kama mtu anakaanga visamaki vya furu."

"Na umewapa tano zote?"

"Sasa mzee, watu wametoka mbali namna ile, niwaambie sauti yao mbaya?"

Hapo ndipo alipokasirika kweli. Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Ukikaribishwa kwa watu, ugali ukiwa mbichi unasema umeshiba, mchuzi ukiwa wa chumvi unasema mtamu, mama. Mimi niliupeleka uungwana huo huo kwenye masafa mafupi. Mzee Masatu akalifunga daftari akasema, "Magesa, mtu anayekuandikia tano huku amesikia furu hana msaada kwako. Wale wanataka kujua sauti yao inafia wapi. Wewe unawapikia sifa. Mimi nikiwa juu ya nguzo nauliza, 'Unanisikia?', mwenzangu ananijibu ndiyo kwa kuniheshimu, simu ya daktari inakufa. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Kwa kumheshimu.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Mzee alikuwa na kituo kimoja alichokitafuta kwa miaka mingi, cha kisiwa kidogo huko katikati ya Pasifiki. Jina sitalitaja, bado nina aibu mbele ya watu wa kisiwa kile. Alisema kwetu kinaweza kushika dakika kumi tu, jua likizama, na si kila siku. Kati ya watu wote aliowajua, hakuna aliyewahi kukisikia.

Mtoto wa shemeji yangu Mafuru akapata kipaimara, tukaalikwa sherehe kule Butiama. Mafuru, kaka yake Nyangeta, alikuwa dereva wa malori, na mdomo wake ulikuwa na injini kuliko lori lenyewe. Niliposhuka kwenye bodaboda alipiga yowe: "Jamani, Kobe katoka! Nani kaligeuza gamba?" Watu wakacheka. Tulipokaa kula akaanza tena. "Mimi nimefika Tunduma, Kigoma, Lindi, Lubumbashi. Shemeji, wewe umefika wapi? Choo cha nje?"

Hema zima likaanguka kicheko. Nyangeta mwenyewe alicheka, na hapo ndipo iliponiuma. Mzee Masatu alikuwa meza ya pili, maana ni jamaa ya Mafuru kwa upande wa mama. Nikafuta mdomo kwa kiganja, nikasema kwa sauti ya mtu asiyejali: "Mimi juzi jioni nilikuwa Pasifiki."

"Wapi?"

"Kwenye redio. Kile kisiwa anachokitafuta mzee. Nimekishika."

Kicheko kikakatika. Mzee Masatu akasimama. Akazunguka meza polepole na magoti yake yale, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa na maji. "Ulisikia nini, mwanangu?"

Vijana, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema natania. Ilikuwa wazi kama mlango wa kanisa. Nikasema, "Kwaya. Wanaume wanaimba. Halafu kengele."

"Sauti ilikuwaje?"

"Tatu mzee. Tatu tatu." Sikuthubutu kusema tano. Hata uongo nilishaanza kuufanya kitaalamu.

Nilidhani yataishia pale kwenye pilau. Hayakuishia. Wiki ya pili Bibi Veronika, mke wa Mzee Masatu, akanipigia simu.

"Magesa mwanangu, ulimwambia nini mzee?"

"Kwa nini, mama?"

"Amehamia zizini."

Mzee alikuwa amepiga hesabu kwamba kama Magesa, aliye katikati ya taa zote za Mwisenge, amekishika kisiwa, basi yeye wa Nyamuswa anashindwa kwa sababu waya wake mfupi. Akafumua waya wote aliokuwa ameuhifadhi tangu kazini, akauvuta kutoka kwenye paa, ukapita juu ya shamba la mihogo, ukaishia kwenye nguzo ya zizi. Kila jioni anakaa pale na redio juu ya debe, ng'ombe wanamtazama. Bibi anampelekea uji huko huko. "Na ananiambia nisitembee na kandambili," Bibi akalalamika, "ati naharibu mawimbi."

Ng'ombe dume wa Mzee Masatu aliitwa Meneja, kwa kumbukumbu ya bosi wake wa zamani ambaye naye hakuwa na shingo. Siku moja ya mnada, asubuhi, Meneja akajikuna kwenye ile nguzo. Nguzo ikang'oka, waya ukamvaa kwenye pembe, akashtuka, akatoka mbio na antena nzima, mabua ya mihogo na shati moja la mzee lililokuwa limeanikwa, japo sitaki kusema nani alilianika hapo. Akaingia mnadani Nyamuswa akiwa amevaa hivyo. Nimeambiwa wanunuzi walimpisha kwa heshima. Mmoja akapiga kelele, "Ng'ombe wa Masatu anashika stesheni!" Mwingine akauliza, "Anashika ya Kiswahili, au za nje tu?"

Nilipohadithiwa nilicheka, halafu nikanyamaza katikati ya kicheko. Nyangeta akanitazama. "Baba Bwire, wewe hiki kisiwa ulikisikia kweli?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu jioni ile unayosema ulikishika, redio yako ilikuwa haina betri. Ulizianika juani juu ya bati ukasahau, mimi nikazitoa mvua ilipoanza."

Nikamwambia asimwambie mtu. Akasema, "Mimi wa nini? Wewe ndiye mwenye masafa marefu." Halafu akaacha kuniita baba Bwire kwa siku tatu. Akaniita Pasifiki.

Nikafanya kile ambacho waongo wote hufanya: nikajaribu kuugeuza uongo uwe kweli. Kila jioni, jua likiegemea ziwa, nilikuwa kwenye redio, betri mpya, waya mpya, nikimwomba Mungu anipe kwaya moja tu ya wanaume. Nilipata furu. Furu wa kila aina.

Kisha asubuhi moja nikafungua kibanda, nikamkuta Mzee Masatu amekaa kwenye stuli ya nje. Magotini amepakata kitu kimefungwa kitenge cha Bibi Veronika. Niliijua ile redio hata ndani ya kitenge, kama mtu anavyomjua mtoto wake ndani ya blanketi.

"Imeharibika, mzee?"

"Nzima. Nimekuletea. Ni yako."

"Yangu kivipi?"

"Magesa, nimesikiliza jioni arobaini. Wewe umeisikia kwaya na kengele katikati ya kelele za mji, mimi niko porini na waya wa nchi nzima, sisikii. Hakuna jibu lingine. Ni masikio." Akayagusa yale masikio makubwa, moja baada ya lingine, kama anayeaga. "Mtu asiyesikia akibaki na redio nzuri ni uchoyo. Na sanduku la kadi nitakuletea. Sasa nitakaa na Veronika nimsikilize yeye, ingawa anasema hapo nako nilishakuwaga kiziwi."

Alicheka, lakini midomo tu ndiyo iliyocheka. Akanisogezea redio.

Nilizipokea kilo zile zote, nikaziweka mezani, na nikasikia kwamba nisiposema sasa, nitasikia sauti ya jambo hili mpaka naingia kaburini, na hiyo haitakuwa na mwingiliano wala kufifia. Itakuwa tano zote.

"Mzee, sikusikia kitu."

"Nini?"

"Pasifiki. Sikusikia. Redio haikuwa na betri. Mafuru alinicheka, nikadanganya. Kisiwa nilikijua kwako tu. Kwaya nilibuni. Na kengele."

 Pikipiki zikapita, muuza sato akapita na beseni lake akiita, akapotelea kona ya pili. Kisha mzee akauliza, polepole sana:

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima?"

"Mazima, mzee."

"Mazima kabisa?"

"Kuliko ya wote tunaowajua."

Akapumua kama mtu aliyeshushiwa gunia. Akatabasamu, safari hii mpaka machoni. Halafu akakumbuka kukasirika. Sitawaandikia aliyoyasema, mengine yalikuwa kwa lugha ya nyumbani, na lugha ile kwa matusi ina kamusi pana. Watu wa kinyozi jirani walizima mashine ili wasikie vizuri. Alipomaliza, nikasema nitaleta mbuzi wa faini kama inavyostahili.

"Mbuzi!" akasema. "Mbuzi utamtuma mtu amlete, wewe ukae kitini. Hapana. Faini yako wewe ni kusafiri. Jumamosi tunakwenda Kisorya, tunapanda kivuko, tunavuka Ukerewe. Kule ufukweni hakuna umeme, hakuna kinu, hakuna Meneja. Tutasikiliza pamoja. Na viatu utavaa."

Hakimu gani angeweza kuniweza namna hiyo? Nyangeta aliposikia alinifungia begi siku mbili kabla, akaweka na sweta, na akamwita jirani aje kuona.

Kwenye kivuko nilishika redio kwa mikono miwili na macho nimeyafumba. Mama mmoja mwenye kuku akaniuliza kwa huruma, "Mtoto anaumwa?" Mzee Masatu akamjibu, "Mtoto mzima. Baba yake ndiye anayeumwa." Tulifikia kwa binamu yake. Jioni tukaenda ufukweni, tukavuta waya kutoka jiwe moja kubwa hadi jingine, shingo za chupa huku na huku, kama nilivyowafundisha. Ziwa lilikuwa limetulia. Jua likaanza kuzama, upande ule ambao nyumbani nauonaga kwa dirisha tu.

Mzee akavaa kisikilizio sikio moja, akanipa kingine. Nywele moja kushoto. Nywele moja kulia. Furu. Furu tu. Ghafla mkono wake ukaganda juu ya kitufe.

"Wanaimba," akanong'ona.

Nikabana pumzi. Furu.

"Wanaume," akasema. "Ee Mungu wangu, Magesa, ni wanaume kweli. Sasa mtu anaongea... ametaja kisiwa. Ametaja!" Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kidevu na wala hakuyafuta, aliogopa kutikisa waya. "Umesikia?"

Vijana, neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kulikuwa na mzee analia kwa furaha, kulikuwa na miaka yangu yote ya kusema mchuzi mtamu, mama. Kulikuwa na uongo wangu wenyewe, ambao wale wanaume wa Pasifiki walikuwa wameujia na kuusimamisha wima. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimesamehewa na mbingu na ardhi.

"Hapana, mzee," nikasema. "Mimi nasikia furu."

Hakugeuka, bado anasikiliza. Ila aliunyoosha mkono wake wa kushoto, akanipigapiga gotini mara mbili. "Basi andika hivyo."

Tuliandika barua mbili, tukaziweka kwenye bahasha moja. Ya kwake ilikuwa na kwaya, maneno ya mtangazaji, dakika kwa dakika. Yangu ilikuwa na mistari mitatu: jina langu ni Magesa, nilikuwa kando ya mwenzangu, waya mmoja, redio moja, nami sikuwasikia. Tarakimu: moja moja moja moja moja. Chini, kwa sababu sikuweza kujizuia, nikaongeza salamu zimfikie mama mkwe wangu Butiama.

Majibu yalichukua miezi. Zikaja kadi mbili. Ya Mzee Masatu ilikuwa na picha ya pwani yao, imeandikwa kwamba wanathibitisha amewasikia. Yangu ilikuwa na picha ile ile, lakini mtu alikuwa amechukua kalamu, akakata maneno yaliyochapwa, akaandika juu yake kwa mkono: tunathibitisha kwamba hukutusikia. Na chini: kutoka upande wenu wa dunia wanaotusikia hutuandikia mara chache, asiyetusikia ni wewe wa kwanza, tunakushukuru kwa ukweli wako, na salamu za mama mkwe tumezipata.

Mzee alipoisoma alicheka hadi Bibi Veronika akamletea maji.

Kituo kile kilishafungwa, kama vilivyofungwa vingi. Mzee Masatu naye hayupo tena. Redio yake ilikuja kwangu kwa mara ya pili, imefungwa kitenge kile kile, na safari hii sikuwa na uongo wa kuirudisha. Iko hapa. Jioni bado naitembeza, na daftarini naandika nilichokisikia na nisichokisikia, kwa wino ule ule. Mkija na redio za babu zenu, nitawaonyesha kadi yangu, iko ukutani kwenye fremu. Waliosikia ni wengi duniani. Mwenye cheti cha kutosikia ni mimi, hapa Mwisenge.

Nyangeta ametoka kupita nyuma yangu, kasoma mstari huo juu ya bega langu.

"Na mimi," amesema, "nakuita tangu saa kumi uje kunishushia ndoo ya maji. Nikuandikie cheti cha pili?"

Nimempa tano zote. Nimekwenda.